Nilichopaswa kumwambia yule mama pale duka la dawa

Ilikuwa jioni ya mwezi wa saba, baridi ya Arusha ile inayomfanya mtu akumbatie kikombe cha chai kwa mikono miwili kabla hajakinywa. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa mtaani kwetu, pua imeziba, nataka vidonge vya kutuliza kichwa. Mbele yangu alisimama mama kijana ambaye bila shaka alikuwa ametoka gengeni kwake, maana kanga aliyojifunga kiunoni ilikuwa na madoa ya nyanya. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka miwili hivi, kofia ya sufu imemfunika hadi kwenye nyusi. Makamasi yalikuwa yameteremka hadi kwenye mdomo wa juu, na kila baada ya muda mtoto aliyalamba kwa ncha ya ulimi.

"Naomba amoksilini ya maji," mama alisema. "Ana mafua tangu juzi."

Muuzaji hakuuliza swali. Alitoa chupa rafuni, akaigongagonga kiganjani ili unga uachie, akaongeza maji hadi kwenye alama, akatikisa. Kijiko asubuhi, mchana na jioni. Mama akauliza mtoto akipata nafuu afanyeje na itakayobaki. Akajibiwa aitunze, itamsaidia siku nyingine.

Sikusema kitu. Nilinunua vidonge vyangu nikaondoka. Usiku ule usingizi ulinipaa, na haikuwa kwa sababu ya pua. Nimeandika habari za afya kwa miaka mingi. Nilijua kwamba chupa ile haingegusa kabisa kilichokuwa kinamsumbua yule mtoto, na nilijua pia inaweza kumdhuru baadaye. Nikaona haya kuingilia mazungumzo ya watu. Basi haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, na kwa kuwa wako akina mama wengi kwenye foleni nyingi, nayaandika hapa.

Tuanze na baridi, kwa sababu kila mmoja wetu amelelewa akiambiwa kwamba baridi ndiyo mama wa mafua. Nyumbani kwetu sheria za mama yangu zilikuwa tatu: usitoke nje na nywele mbichi, usikanyage sakafu peku alfajiri, usinywe maji ya barafu ukiwa na jasho. Ukivunja mojawapo na kesho yake ukapiga chafya, kesi yako imekwisha. Wala si sisi peke yetu. Waingereza huyaita mafua kwa neno lile lile wanalolitumia kwa baridi. Madaktari wa mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamepiga hatua moja zaidi: walijua habari za bakteria, wakachungulia kwenye pua za wagonjwa wa mafua, wakawakuta humo, wakasema wezi ni hawa. Kosa lao linaeleweka. Pua ya mtu ina bakteria hata akiwa mzima wa afya. Ni sawa na kuingia sokoni, kukuta watu, na kuhitimisha kwamba wao ndio walioiba.

Aliyeanza kufungua fundo hilo ni Mjerumani mmoja, Profesa Walther Kruse wa Leipzig. Mwaka 1914 msaidizi wake alipata mafua. Kruse akachukua kamasi zake, akazizimua kwa maji ya chumvi, akazipitisha kwenye kichujio chenye vitundu vidogo mno, vidogo kiasi kwamba bakteria hawawezi kupenya. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa maji meupe yasiyo na bakteria hata mmoja. Akayadondosha kwenye pua za wenzake 12 waliokuwa wazima. Wanne wakapata mafua. Akarudia kwa watu 36, wengi wao wanafunzi, 15 wakaugua.

Tulia kidogo kwenye jambo hili, maana ndilo chimbuko la kila kitu kitakachofuata. Kama bakteria wangekuwa ndio sababu, mafua yangebaki kwenye kichujio pamoja nao. Hayakubaki. Yalipita. Kulikuwa na kitu kidogo kuliko bakteria, kitu ambacho hakuna hadubini ya wakati ule iliyoweza kukionyesha, na kitu hicho kilitosha kumfanya mtu mzima apenge kamasi siku tatu. Mwishoni mwa Julai mwaka ule ule Vita Kuu ya Kwanza ikalipuka Ulaya, na dunia ikawa na mambo mengine ya kufikiria. Daktari wa jeshi la Marekani, George Foster, alirudia jaribio hilo kwa askari miaka michache baadaye akapata jibu lile lile. Jijini New York, mwaka 1930, Alphonse Dochez na wenzake wakaonyesha kwamba hata sokwe hupata mafua kwa kudondoshewa kamasi zilizochujwa za binadamu.

Lakini kujua kwamba kitu kipo si sawa na kukikamata. Kwa kazi ya kukikamata, heshima kubwa naipeleka kwa watu ambao majina yao hayamo vitabuni.

Mwaka 1946, karibu na mji wa Salisbury kusini mwa Uingereza, katika mabanda ya hospitali iliyojengwa na Wamarekani wakati wa vita, serikali ya Uingereza ilifungua kituo cha kuchunguza mafua tu. Mkuu wake alikuwa Christopher Andrewes, mmoja wa watatu waliovumbua kirusi cha homa ya mafua makali, influenza, mwaka 1933. Influenza ilikuwa rahisi kwa sababu wanyama wadogo wa maabara waliweza kuambukizwa. Mafua ya kawaida yaliwakataa wanyama karibu wote, na sokwe ni ghali. Hivyo Andrewes akaomba watu wajitolee.

Nao wakaja. Hadi kituo kinafungwa mwaka 1990, karibu watu 20,000 walikuwa wamepita pale. Walikaa siku kumi, wawili wawili au watatu watatu kwenye nyumba ndogo, wakilishwa bure na kupewa posho kidogo. Chakula kiliachwa mlangoni. Waliruhusiwa kutembea mashambani ila wasimsogelee mtu yeyote asiye wa chumba chao, wawe umbali wa mita tisa au zaidi. Wanafunzi walikuja kujisomea mitihani kwa utulivu. Wako waliokuja fungate. Siku za mwanzo walitazamwa tu, kuhakikisha hawakuja na mafua ya nyumbani. Kisha daktari aliwalaza chali na kuwadondoshea matone puani: wengine maji yenye kamasi za wagonjwa, wengine maji matupu ya chumvi, na wao wasijue nani kapewa nini. Baada ya hapo kila karatasi ya kupengea kamasi ilihesabiwa. Naomba msomaji asiione kazi hiyo kuwa ndogo. Mtu mzima mwenye afya, kalala chali, anakubali apewe ugonjwa wa mtu asiyemjua, ili siku moja wewe na mimi tujue.

Ni hapo Salisbury sheria za mama yangu zilipopelekwa mahakamani. Andrewes alichukua kundi dogo la waliojitolea, akawaogesha maji ya moto, kisha akawasimamisha nusu saa kwenye ukumbi wenye upepo wakiwa na nguo mbichi za kuogelea, wanatetemeka meno yakigongana. Baadaye wakavaa soksi zilizolowa maji, wakashinda nazo asubuhi nzima. Wale waliopigwa baridi bila kudondoshewa kitu puani hakuna aliyepata mafua. Waliougua ni kati ya wale waliodondoshewa kamasi za mgonjwa.

Kwa zaidi ya miaka kumi kituo kilihangaika kukiotesha kirusi chenyewe maabarani. Virusi haviishi vyenyewe. Vinahitaji seli hai za kuingia, kuteka na kujizalisha ndani yake. Watafiti waliweka seli kwenye mirija ya kioo, wakaongeza kamasi, wakaiweka katika nyuzijoto 37, joto la mwili wa binadamu, wakasubiri. Hakuna kitu. Marekani, Winston Price na William Pelon walifanikiwa kila mmoja kwa upande wake kunasa kirusi kimoja mnamo 1956. Ila mlango hasa ulifunguliwa mwaka 1960, pale David Tyrrell na wenzake wa Salisbury walipopunguza joto hadi nyuzi 33 na kuyafanya maji ya kuoteshea yawe na uchachu kidogo. Mirija iliyokuwa imekaa kimya miaka yote ikaanza kuonyesha seli zinakufa.

Kwa nini 33? Kwa sababu hilo ndilo joto la pua. Kila pumzi unayovuta hupoza ukuta wa ndani wa pua, na kirusi cha mafua kimeumbwa kwa ajili ya chumba kile cha mbele chenye ubaridi, si kwa ajili ya vyumba vya ndani vyenye moto. Watafiti walikuwa wamemwandalia mgeni kitanda kwenye chumba asichokipenda. Kirusi hicho kikapewa jina la pua kwa Kigiriki: rinovirusi. Upana wake ni kama sehemu 30 kati ya milioni moja ya milimita. Ukivipanga kwa mstari, unahitaji zaidi ya 30,000 kujaza milimita moja. Maelekezo yote ya maisha yake yameandikwa kwa herufi 7,200 hivi za kikemikali. Makala haya unayoyasoma yana herufi karibu mara mbili ya hizo.

Magazeti ya wakati ule yalishangilia. Kirusi kimepatikana, chanjo inakuja. Ndipo habari ngumu ikaanza kuingia. Kirusi kilichopatikana kwa mgonjwa wa Jumatatu hakikufanana na cha mgonjwa wa Jumanne. Damu ya mtu aliyepona kimoja ilikuwa haina habari na kingine. Miaka ya themanini ilipokuwa inaisha walikuwa wamehesabu aina 100. Mwaka 2006 likagunduliwa kundi zima jingine, lile la C, na leo zinajulikana aina zaidi ya 160 za rinovirusi peke yake. Nazo zinasababisha kati ya theluthi na nusu ya mafua yote. Yaliyobaki ni kazi ya ukoo mwingine, na mwingine, na mwingine.

Ukoo mmoja wao dunia nzima inaujua. Mwanzoni mwa miaka ya sitini Salisbury walipokea kamasi za mvulana mmoja wa shule ya bweni. Ziliwaambukiza watu vizuri tu, lakini zilikataa kuota kwenye mirija hata kwa nyuzi 33. Ikabidi zioteshwe kwenye vipande vya koromeo. Tyrrell alipotaka kukiona kirusi hicho, alimtumia sampuli mwanamke mmoja wa London aliyesifika kwa kuona wasichokiona wengine. Jina lake June Almeida, binti wa dereva wa basi wa Glasgow. Aliacha shule akiwa na miaka 16 na kuanza kazi kama fundi wa maabara, kisha hadubini ya elektroni ikawa mikononi mwake kama sindano mkononi mwa fundi cherehani. Aliona vijidudu vya duara vilivyozungukwa na miale, kama jua linalochorwa na mtoto. Alikuwa ameshaviona vya namna hiyo kabla, kwa kuku na panya, na makala yake yakakataliwa na wakubwa waliosema ni picha mbaya za influenza. Mwaka 1968 yeye na wenzake wakaupa ukoo huo jina kutokana na taji la miale: korona.

Ndiyo, korona. Miaka hamsini kabla ya 2020, korona lilikuwa jina la mafua. Hadi leo korona nne huzunguka kati yetu kila mwaka na kutupa mafua ya kawaida, na huenda mwezi huu umeugua moja na kuiita vumbi. Mbili kati ya hizo zina ndugu zake karibu nasi: mwaka 2017 watafiti waliochunguza popo wa Kenya walitangaza kukuta virusi vya jamaa ya korona mbili za mafua ya binadamu, zile ziitwazo NL63 na 229E. Mnyonge wa leo puani mwetu aliwahi kuwa mgeni kutoka kwa mnyama.

Kwa hiyo, mama, mafua ni jina moja la magonjwa mengi. Tunaita "mafua" kama vile ni adui mmoja anayerudi, kumbe kila mara anayebisha hodi ni mwingine. Ndiyo maana mtoto wako anaugua mara sita, mara nane kwa mwaka, na hakuna laana wala udhaifu wa damu hapo. Ameanza kusoma orodha ndefu, na mwili wake unajifunza jina moja baada ya jingine. Mtu mzima ameshajifunza mengi, naye anabaki na mara mbili au tatu. Na ndiyo maana chanjo haikuja.

Sasa kuhusu kamasi zenyewe, kwa sababu najua rangi yake ndiyo inayowapeleka wengi dukani. "Zimekuwa za kijani, ameshaingia maambukizi." Nimelisikia hili hata kwa watu waliosoma. Siku ya kwanza kamasi ni maji, siku ya tatu huwa nzito na njano au kijani, baadaye hukauka. Ule ukijani unatoka kwa askari wetu wenyewe, chembe nyeupe za damu ambazo hubeba kimeng'enya chenye rangi ya kijani wanachokitumia vitani. Wakifa kwa wingi puani, rangi hubaki. Kamasi ya kijani ni uwanja wa vita uliokwisha kupiganwa. Haikuambii aliyevamia alikuwa bakteria.

Na kamasi si uchafu tu. Mwaka 1921 daktari mmoja wa hospitali ya St Mary's, London, akiwa na mafua yake, alidondosha kamasi yake mwenyewe kwenye sahani yenye bakteria. Bakteria waliozunguka tone lile wakayeyuka. Alikuwa amegundua kimeng'enya kilichomo kwenye kamasi, machozi na mate yetu, kinachovunja kuta za bakteria; akakiita lisozaimu. Daktari huyo ni Alexander Fleming. Miaka saba baadaye, kwenye sahani nyingine, aliona ukungu unafanya kazi kama hiyo kwa nguvu kubwa zaidi, na dunia ikapata penisilini. Nitamrudia.

Nisije nikamvunjia heshima mama yangu, lazima niseme na upande wa pili wa baridi. Mwaka 2005, Cardiff, Wales, watafiti waliwachukua watu 180, nusu yao wakatumbukiza miguu kwenye maji ya baridi kwa dakika 20. Katika siku tano zilizofuata, wale wa maji ya baridi waliosema wamepata dalili za mafua walikuwa asilimia 29. Wa upande mwingine asilimia 9. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ikaonyeshwa kwamba seli za njia ya hewa zikiwa kwenye nyuzi 33 hupiga kengele ya hatari kwa uvivu kuliko zikiwa kwenye 37, na rinovirusi hutumia uzembe huo kujizalisha. Kwa hiyo baridi peke yake haimpi mtu mafua, maana haiwezi kuumba kirusi kisichokuwepo. Lakini kama kirusi kimeshaingia na kinanyemelea, huenda baridi inakifungulia mlango. Kofia ya sufu ya yule mtoto ilikuwa na haki yake.

Na wakati wa kipupwe tunafanya nini? Tunajifungia. Madirisha yamefungwa nyumbani, darasani, kwenye daladala. Kirusi husafiri kwa hewa ya chumba kilichobana, na husafiri kwa mikono: mtoto kajifuta pua, kashika kikombe, dada yake kashika kikombe, dada kajikuna jicho. Jicho lina mfereji unaoshuka hadi puani. Hiyo ni njia halali kabisa.

Wanaotuletea virusi nyumbani ni nani? Hapa jibu zuri limetoka Kilifi, Kenya. Kati ya mwishoni mwa 2009 na katikati ya 2010, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya nchi hiyo, walizifuata kaya 47 za vijijini, watu karibu 500, wakachukua sampuli za pua mara mbili kwa wiki, awe mtu anaumwa au haumwi, kwa miezi sita. Walikuwa wanakitafuta kirusi kiitwacho RSV, ambacho kwa mtu mzima ni mafua tu, lakini kwa mtoto mchanga kinaweza kushuka mapafuni na kumuua. Waligundua kwamba mara nyingi anayekiingiza nyumbani ni kaka au dada anayekwenda shule. Anarudi na daftari, anarudi na kirusi, anambeba mdogo wake kwa upendo. Sampuli hizo hizo zilitumika baadaye kuzifuatilia korona za mafua katika familia zile zile. Kwa RSV walau mlango umepatikana: tangu 2023 ipo chanjo ya kumpa mama mjamzito ili mtoto azaliwe na kinga. Kwa rinovirusi tumebaki na maji na sabuni, dirisha lililofunguliwa, na kumfundisha mwenye miaka saba anawe mikono kabla hajamshika mwenye miezi miwili.

Sasa chupa yako, mama.

Amoksilini ni mtoto wa ukoo wa penisilini. Bakteria amezungukwa na ukuta, na kila anapokua lazima aujenge upya. Dawa hii huvuruga ujenzi huo. Ukuta unalegea, bakteria anapasuka. Ni kazi ya ajabu, imeokoa roho zisizohesabika. Lakini kirusi hakina ukuta huo. Hakijengi chochote chake. Kimejificha ndani ya seli ya mtoto wako na kinatumia vyombo vya seli hiyo. Dawa inapita nje kama fundi bomoabomoa aliyetumwa kwenye nyumba isiyokuwepo.

Haipiti bure, hata hivyo. Tumboni mwa mtoto wamo bakteria wanaomsaidia kusaga chakula, hao inawakuta. Ndiyo maana watoto wengi huharisha wakipewa. Na wale wachache wanaonusurika, hasa dozi ikikatizwa siku ya tatu kwa kuwa pua imekauka, wanabaki wakiwa wameijua dawa. Wanazaana. Pua ingekauka siku ile ile hata usingempa kitu, kwa sababu mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, ingawa kikohozi kinaweza kujivuta wiki mbili au tatu. Dawa inapokea shukrani za kazi iliyofanywa na mwili. Chupa iliyokwisha kuchanganywa na maji nayo haikai. Baada ya wiki moja au mbili imeharibika, hata ukiitunza vizuri namna gani.

Fleming aliliona hili mapema mno. Desemba 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, alitumia dakika za mwisho za mhadhara wake kutoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni. Bwana huyo anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo, isiyotosha kuua bakteria ila inayotosha kuwafundisha kuvumilia dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haifanyi kazi, anakufa. Fleming akauliza nani aliyesababisha kifo hicho, naye akamtaja mume. Hicho kilikuwa kisa cha kutunga. Mwaka 2019, kwa hesabu zilizochapishwa na watafiti wa kimataifa, watu milioni 1.27 walikufa duniani moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara, ikilinganishwa na idadi ya watu wake, ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nimonia ya mtoto, ile inayotokana na bakteria, dawa ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni amoksilini. Ile ile. Siku moja mafua yanaweza kumdhoofisha mtoto wako, bakteria wakapata upenyo wakaingia mapafuni, na chupa hiyo ndiyo utakayoihitaji kwa maisha yake. Siku hiyo nataka ifanye kazi.

Leo usimpe. Mpe maji mengi, uji mwepesi, titi kama bado ananyonya. Pua ikiziba, dondosha matone ya maji ya chumvi, mpanguse. Akiwa na homa au maumivu, parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Kama ameshavuka mwaka mmoja, kijiko kidogo cha asali hutuliza kikohozi cha usiku. Chini ya mwaka usithubutu, asali inaweza kumletea sumu mbaya tumboni. Usimfunike na mvuke wa sufuria la moto, watoto wameungua kwa njia hiyo.

Usiku akilala, au akiwa ametulia mapajani, hahangaiki wala halii, mfunue nguo kifuani. Weka saa ya simu dakika moja kamili na uhesabu kila kifua kinapoinuka. Mtoto wa chini ya miezi miwili, mpaka ni 60. Kuanzia miezi miwili hadi asitimize mwaka, 50. Wa kwako, wa miaka miwili, 40. Angalia pia kama sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta pumzi, kama anakataa kunywa, kama analegea haamshiki, kama amepata degedege. Ukimaliza dakika hujafika 40 na hayo mengine hayapo, mfunike alale, kesho hesabu tena. Ukifika 40 dakika haijaisha, au ukiona lolote kati ya hayo mengine, usije dukani na usisubiri genge lifungwe. Mbebe, nenda kituo cha afya usiku huo huo.